Emu Katika Shamba la Ntumba

Bertilla aliinua bonge la udongo kwa jembe, akaligeuzia juu ya majani mabichi. Nyuma yake, Zita na mdogo wake Beda walifanya vivyo hivyo.

— Malizieni mguu wa mwisho. Zita, hiyo ni herufi gani?

— Emu, mama.

— Na wewe, Beda?

— E. Ila imelala.

— Iamshe kabla baba yako hajaja.

Shule ya misheni, kule Kaengesa, ilikuwa mbali, na shamba lilitaka mikono yote minne ya watoto. Kwa hiyo Bertilla, aliyelelewa na masista, aliwafundisha hapo hapo, jembe na herufi pamoja. Siku hiyo alijiona ameweza. Alisahau jambo moja: ntumba, vile vilima vya majani yaliyofunikwa udongo, hukaa kimoja kimoja. Miguu minne ya emu ilikuwa imeungana, mirefu, imenyooka kama tuta.

Na matuta ndiyo yaliyowagombanisha watu wa kijiji chao cha Pito tangu bwana shamba wa serikali ya Wazungu alipokuja kuyaamuru.

Zenon, mumewe, alitokea na majirani aliowaalika kulima kwa pombe ya ulezi. Oswaldi, aliyetangulia, akasimama ghafla.

— Zenon! Umetuita tukulimie matuta ya Wazungu?

— Matuta gani?

— Haya hapa! Juzi kwangu ulisema afadhali ule nyasi kuliko kulima tuta. Kumbe umeshaanza!

Zenon alitazama chini, kisha akamtazama mkewe.

— Mama Zita, hiki ni nini?

— Herufi. Watoto wanasoma.

— Nimekuuliza, hiki ni nini!

— Na mimi nimekujibu.

Majirani wakaangua kicheko. Zenon akavimba shingo.

— Funga vitu vyako. Leo leo nakurudisha kwenu!

— Nirudishe. Ila baba yangu mwambie kwa mdomo wako mwenyewe. Ulipokuja kuposa ulisema, "Nitalima mimi, yeye awafundishe wanangu." Jembe hili nimelishika tangu alfajiri. Ulikuwa wapi?

— Nilikuwa natafuta watu wa kukusaidia!

— Na kweli wamenisaidia.

Oswaldi akatema mate.

— Shemeji, masista walikufundisha kusoma, wakasahau kukufundisha kunyamaza. Zenon, vunja matuta hayo, kisha huyu umchape hapa hapa tukiona. La sivyo pombe yako hatuinywi, na mvua zikikatika shamba halijaisha, usitutafute.

Bertilla alijua maana yake. Bila watu hawa, nusu ya shamba ingebaki majani, na mwaka unaofuata wasingekuwa na ulezi. Alitazama jembe mkononi mwa mumewe. Likapanda.

Likashuka kwenye mguu wa emu. Zenon alikata tuta, akakusanya udongo, kikawa kilima. Akakata tena, pembeni. Akaendelea mpaka tuta lote likawa vilima, kimoja kimoja.

— Ntumba hizo. Mmeridhika?

— Bado mke.

— Mke wangu nagombana naye mimi. Wewe hakukuposa mtu.

— Basi lima na mwalimu wako!

Wakaondoka wote, wakinung'unika. Zita akasogea polepole.

— Baba, bado inasomeka. Ni emu ya vilima.

Bertilla akaziba mdomo kwa upande wa kanga.

— Unacheka nini? Bado nina hasira.

— Hata mimi. Kunirudisha kwetu, mbele ya Oswaldi!

— Na wewe kumtaja baba yako, mbele ya huyo huyo Oswaldi!

Walilima bega kwa bega bila kutazamana.

— Sikurudishi, Zenon alisema mwishowe.

— Hilo nalijua. Samahani iko wapi?

— Inakuja. Imetoka mbali, iache ipumzike njiani.

Jua lilipozama, majani yaliyobaki yalikuwa mengi kuliko yaliyofunikwa. Upepo wa baridi ulianza kuvuma. Watoto walikuwa wametangulia nyumbani. Zenon alikung'uta udongo kwenye jembe la mkewe, akaliweka begani pamoja na lake.

— Mama Zita.

— Nini tena?

— Kesho tunalima ipi?

— Ene. Ina miguu mitatu tu.

— Afadhali. Emu imenivunja mgongo.