Nyasi Mbichi Mlangoni

Jioni ile Nthambi alikuwa ametoka tu kununua maziwa.

Hapakuwa mbali. Ukitoka geti la ploti yao pale Kitengela, unafuata ukuta wa mawe hatua chache, halafu unafika kwa Koko Nalotuesha, bibi wa Kimaasai aliyebaki peke yake kwenye kipande kidogo cha ardhi ya marehemu mume wake. Pande zote watu walikuwa wamejenga nyumba za kukodisha. Yeye alikuwa na chumba chake cha mabati, ng'ombe watatu, na kibuyu cha maziwa chenye harufu ya moshi.

"Takwenya, Mama Mulwa."

"Iko, Koko," Nthambi alijibu. Maamkio hayo alifundishwa na bibi huyo huyo, na kila alipoyatamka Koko alicheka kwa furaha kama mtu aliyeletewa zawadi.

Koko alipima kikombe kimoja, akamimina. Kisha akaongeza kingine nusu, kama kawaida yake.

"Hii ni ya mtoto. Wewe usihesabu."

Lakini jioni ile hakucheka. Aliinua macho, akatazama... si Nthambi. Alitazama nyuma ya Nthambi. Akanusa hewa. Akamsogelea Mulwa aliyefungwa mgongoni, akamfunua kichwa.

Thu.

Akamtemea mate utosini. Thu. Na kifuani. Huku midomo ikicheza, ikinong'ona kwa Kimaa maneno ambayo Nthambi hakuyajua.

"Koko! Unafanya nini?"

"Ukifika nyumba," bibi alinong'ona, "wacha simu. Angalia mtoto."

Nthambi aliondoka mbio, maziwa yakimwagikia kanga. Alipofika mlangoni pake akasimama.

Pale kizingitini palikuwa na nyasi. Shungi dogo, limepangwa vizuri, kama maua yaliyowekwa kanisani.

Nyasi mbichi.

Na mvua haikuwa imenyesha Kitengela kwa miezi saba.

*

Tuseme ukweli hapa, maana Nthambi mwenyewe baadaye aliusema akilia. Kama mwaka ule angeutumia vingine, pengine angecheka tu, akaokota nyasi zile, akaingia ndani kupika.

Lakini mwaka ule aliutumia kutishwa.

Ulianza akiwa mjamzito. Mume wake Roy alifanya kazi ya zamu kiwandani Athi River, na zamu za jioni zilikuwa nyingi. Upweke ulimshika. Ndipo Bedan wa kibanda cha muvi, kijana mpole aliyemwekea kiti kila alipomwona amechoka, akamjazia filamu kwenye memori kadi. Za mizimu. Za watu wanaokufa na kurudi. Za viumbe wa sayari nyingine wanaoshuka na kuvaa ngozi za majirani. Alipozimaliza akarudi kuchukua nyingine. Zisipokuwepo, alisoma hadithi za wachawi zinazowekwa mtandaoni, moja baada ya nyingine, mpaka shingo ikauma.

Mtoto alizaliwa, na filamu hazikukoma. Kila jioni giza likianza kuingia, Nthambi alikaa kitandani, Mulwa titini, simu mkononi. Jumapili alikwenda kanisani na kuimba. Hakuna aliyejua, isipokuwa jirani yake Kaveke, aliyekuja mara nyingine na binti yake mdogo kutazama pamoja naye.

Filamu moja aliirudia mara tatu. Ilikuwa ya mgeni kutoka nyota za mbali. Mrefu sana. Kila alipoingia nyumbani kwa watu, shingo ilibidi ilale begani, kwa sababu milango ya binadamu ni mifupi. Hakugusa mtu. Alisimama tu nyuma ya mama, akimtazama mtoto, akingoja mama asahau kuinua macho.

Basi siku ile ya mate, mtu wa namna hiyo angefikiria nini?

Asubuhi yake Mulwa akaamka na homa. Mwili ulikuwa moto kama jiwe la jikoni. Alilia akishika kichwa. Pale pale alipotemewa.

Na mlangoni, nyasi nyingine. Mbichi. Zina umande.

*

Alipaswa kumpeleka mtoto hospitali kwanza. Hilo ndilo linalomkata roho hadi leo. Alipitia kwanza kwa Kaveke, pale bombani, mbele ya wanawake sita waliokuwa wakichota maji.

"Yule mzee amemtemea mtoto wangu mate," alisema. "Na anaweka vitu mlangoni."

"Vitu gani?" Kaveke aliuliza, ndoo ikimwagika.

"Nyasi."

"Saa hii kuna nyasi wapi, Mama Mulwa? Ata ng'ombe zinakula makaratasi!"

"Sasa nauliza wewe."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akasema, "Na vile tumekunywa hiyo maziwa..."

Kufikia saa kumi jioni ukuta wa Koko ulikuwa umezungukwa na watu. Vijana walipiga teke kibuyu kikapasuka. Maziwa yakatiririka kwenye vumbi, harufu ya moshi ikapanda. Ng'ombe wakakurupuka.

Koko Nalotuesha alitoka akiwa ameinama. Hakupiga kelele. Aliingiza mkono kwenye shuka lake, akatoa nyasi, akaziinua juu kwa mikono miwili.

"Analoga!" mtu alipayuka. "Anatuloga sisi wote!"

Jiwe likaruka. Likampata shavuni.

Kabla hajaanguka, macho yake yalizunguka kwenye umati kama mtu anayetafuta mtu wake. Yakamwona Nthambi. Yakatulia hapo.

Nthambi alikuwa na neno kooni. Neno moja tu... "Basi." Mtoto alikuwa mgongoni, ana homa. Watu walikuwa wengi.

Akatazama chini.

Jioni ile ile mwana wa Koko, Sankale, alikuja na gari la kubeba mifugo. Akampandisha mama yake mbele, akapakia ng'ombe nyuma, akaondoka bila kumsemesha mtu.

*

"Ni sikio," muuguzi alisema kesho yake, akimulika ndani ya sikio la Mulwa. "Kuna usaha. Hii imekuwa ikimuuma siku nyingi, mama. Hukuona akijikuna?"

Hakuona. Siku hizo zote alikuwa ameinamia simu.

Muuguzi yule hakumgombeza. Alimshika bega tu, akasema, "Utampea dawa, atapona." Na kwa wema huo mdogo Nthambi alilia mpaka watu wa foleni wakageuka.

Mulwa alipona siku ya tatu. Nthambi akatoa memori kadi kwenye simu, akakusudia kuitupa chooni. Kaveke akamkuta nayo mkononi.

"Wee! Kama hutaki, nipee mimi. Binti yangu analala vizuri nikitazama."

Akampa. Aliona aibu kueleza kwa nini asimpe.

Lakini usingizi ulikataa. Kila alipofumba macho aliona yale macho ya Koko yakimtafuta umatini. Jumamosi akanunua majani ya chai na sukari, akambeba Mulwa, akaenda Kajiado. Aliuliza njia sokoni, akavuka reli, akatembea kwenye vumbi mpaka boma la Sankale.

Mke wa Sankale, Seleyian, alimtazama muda mrefu. Kisha akamletea kiti. Akamletea na maji ya kunywa.

"Wewe ndio Mama Mulwa," alisema.

"Ni mimi." Nthambi hakukaa. "Nimekuja kuomba msamaha. Mimi ndio nilisema. Hao wengine walinisikia mimi."

"Anajua."

"Seleyian... alimtemea mtoto wangu mate kwa nini?"

Seleyian alishangaa kweli. "Si alikuwa anambariki? Kwetu mzee akikupenda anakutemea mate. Mimi siku ya harusi nilitemewa mpaka nikalowa." Akatabasamu kidogo, tabasamu likafa. "Na nyasi ni amani. Mtu akiinua nyasi, hata awe adui yako, humpigi. Ile siku mama alikuwa anawaomba amani."

Nthambi akashika ukingo wa kiti.

"Alizitoa wapi? Huko kwetu kumekauka."

"Mtoni. Bado kuna mahali maji yanatoka kwa mawe. Alikuwa anatembea kila asubuhi, na hiyo miguu yake, kwa ajili ya mlango wako."

"Mlango wangu una nini?"

Seleyian akasogea karibu. Akatazama jua lilipokuwa limefika. Akashusha sauti.

"Kabla ya hilo jiwe, nilipomtembelea, alisema kila jioni kuna mtu anasimama ndani ya nyumba yako, nyuma yako. Haongei. Ni mrefu sana, mpaka shingo yake imelala kwa bega, sababu hiyo nyumba ni fupi. Anaangalia mtoto tu."

Nthambi akapapasa mgongoni, akamshika Mulwa.

"Koko ako na simu?" alinong'ona. "Huwa anatazama filamu?"

"Mama?" Seleyian akacheka kidogo. "Hata picha ya kitambulisho alikataa kuangalia. Filamu gani?"

*

Koko alikuwa amelala kwenye ngozi, nusu ya uso imevimba. Tangu jiwe lile hakuwa amesema neno.

Nthambi alipiga magoti. Alisema msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kikamba, lugha ya mama yake, maana Kiswahili kilimwishia. Mkono mkavu ukamfikia kichwani, ukakaa hapo. Hapakuwa na hasira yoyote katika mkono ule. Afadhali ungempiga.

Kisha Koko akaashiria aletewe mtoto.

Akakusanya midomo yake. Ile midomo iliyopasuka ikatetemeka, ikajaribu. Ikajaribu tena.

Hakuna kilichotoka. Mdomo ulikuwa mkavu.

Chozi likashuka kwenye shavu lililovimba. Koko akamtazama Nthambi, akainua kidole, akakigusisha kwenye midomo ya Nthambi. Kisha kwenye utosi wa Mulwa.

Wewe.

*

Njiani kurudi alishukia karibu na mto. Alitembea kwenye mawe makavu mpaka akapaona mahali maji yanapochuruzika, hapakuzidi upana wa kanga. Nyasi zilikuwepo, kijani kibichi. Kandokando yake, kwenye tope lililokauka, kulikuwa na nyayo za ndara za mtu anayeburuta mguu mmoja. Nyingi. Kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Nyasi za asubuhi ngapi alizikanyaga mlangoni bila kuziona, macho kwenye simu?

Aling'oa nyasi akilia.

Alifika kwenye ploti jua likizama. Kuku walikuwa wameingia. Akafungua mlango wake... na Mulwa, mgongoni, akacheka.

Mtoto hucheka hivyo akimwona mtu anayemfahamu.

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kitanda, jiko, ndoo. Na harufu. Si ya moshi. Harufu kama ya simu iliyopata moto mkononi.

Nthambi hakukimbia. Miguu ilitaka, yeye akakataa. Akamshusha Mulwa, akamkumbatia. Akaweka nyasi kizingitini. Akafunua utosi wa mwanawe.

Thu.

Thu.

Hakujua maneno ya Kimaa. Akasema yale aliyokuwa nayo. "Mungu, huyu ni wangu. Ninamwangalia. Ninamwangalia sasa."

Mulwa akaacha kucheka. Macho yake yakaondoka mlangoni. Polepole... yakaanza kusafiri, juu, karibu na kimo cha paa, kama anayemfuata mtu anayetembea. Yakapita kwenye kamba ya nguo. Yakapita bombani. Nguo kwenye kamba zikatikisika, moja moja, na upepo haukuwepo.

Macho yakasimama kwenye mlango wa Kaveke.

Kaveke alikuwa amesimama hapo, simu mkononi ikimulika kidevu chake, binti yake miguuni. Alikuwa ameona yote. Mate. Nyasi.

"Na wewe?" alisema kwa sauti ndogo. "Mama Mulwa... na wewe?"

"Kaveke, zima hiyo simu. Angalia mtoto." Nthambi akamfunga Mulwa mgongoni, akavuka uwanja, nyasi zilizobaki zimeinuliwa kwa mikono miwili. "Shika hizi. Nakuomba. Tafadhali shika."

Kaveke akamvuta binti yake ndani.

Mlango ukafungwa. Komeo likalia.

Nthambi akainama, akaziweka nyasi kizingitini, akazipanga vizuri. Upande wa pili wa mlango alisikia Kaveke akimpigia mtu simu, akinong'ona haraka haraka. Na juu ya sauti hiyo, karibu na dari, akamsikia binti mdogo akicheka.

Nyuma yake milango ya ploti ilikuwa inafunguka, mmoja baada ya mwingine. Watu walikuwa wanatoka.

Hakugeuka. Aliendelea kupanga nyasi.