Mzee Aliyejua Nani Hatamaliza

Nilitumwa tu kumchukua mzee njia panda. Hakuna zaidi.

Jua lilikuwa linazama nyuma ya vilima, mvua ya Machi inanyunyiza, na Cathal, mume wangu, alikuwa bado anampiga brashi farasi wetu Knockroe.

"Dympna, kamlete Malachy Tuohy," aliniambia. "Gari lake limekufa. Wasipomwona ukumbini, watu watavunja viti."

Kila mwaka, kabla ya mashindano makubwa ya farasi ya Cheltenham kule Uingereza, watu wa kijiji chetu hukusanyika kwenye ukumbi wa parokia kuchambua farasi. Wajuzi huketi mbele, wanazipitia mbio moja baada ya nyingine, wanataja nani atashinda. Wengi hubahatisha. Malachy alikuwa habahatishi. Tangu niolewe huku Tipperary, sikuwahi kusikia kwamba amekosea.

Na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, farasi wa zizi letu dogo alikuwamo kwenye mbio kubwa kuliko zote. Knockroe. Mama yake alikufa akimzaa. Mimi ndiye niliyemnyonyesha kwa chupa jikoni kwangu, kwato zake zikiteleza sakafuni.

Nilimkuta Malachy amesimama njia panda, ameipa barabara mgongo. Nikapiga honi. Hakugeuka. Nikapiga tena. Akaja polepole, akafungua mlango wa nyuma.

"Kaa mbele, mzee, kuna joto."

"Hapa panatosha, mama."

Alipofunga mlango, harufu ikaingia pamoja naye. Si ya pombe, wala ya samadi, maana hizo nimezizoea. Ilikuwa kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa makaburini... tamutamu, kisha inakukaba kooni. Nikafungua dirisha.

"Dirisha la nini na baridi hii?"

"Kioo kina ukungu, mzee."

Macho yetu yakakutana kwenye kioo cha nyuma. Hakupepesa.

"Nipitishe kwako kwanza," alisema. "Nimwone farasi."

Cathal alipomwona anashuka, alifurahi kama mtu aliyetembelewa na askofu. Mimi sikufurahi. Knockroe humng'ata kila mtu. Alishamng'ata padri, alishamng'ata daktari wa mifugo. Lakini Malachy alipoegemea nusu mlango wa banda, Knockroe alirudi nyuma. Akarudi tena, hadi makalio yakagusa ukuta. Ngozi ya shingo ilikuwa inatetemeka kama maji yanayokaribia kuchemka.

Malachy hakumtazama farasi. Alitazama kando ya bega lake, kama unavyomtazama mtu unayemfahamu.

"Mzuri," alisema. "Sijaona mzuri kama huyu."

Kisha akanyamaza.

Kwetu, ukimsifu mnyama wa mtu, au mtoto wake, lazima umalizie: Mungu ambariki. Usiposema, sifa yako imegeuka jicho baya. Hata mlevi wa kijiji analijua hilo. Tukangoja. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye paa.

"Malizia basi, mzee," nikamwambia, nikijichekesha.

"Nimalizie nini?"

"Unajua."

"Tutachelewa, mama," alisema.

Cathal alinikanyaga mguu. "Mambo ya bibi zako hayo," alininong'oneza. "Unaniaibisha." Akaenda kufunga geti la nyuma, mimi nikaenda kuwasha gari. Malachy alichelewa kidogo kutoka bandani.

Kidogo tu.

Ukumbi ulikuwa umefurika. Chai, mikate ya zabibu, makoti yaliyolowa. Muuza nyama wetu ndiye aliyekuwa anaongoza mazungumzo, na utani ulikuwa umepamba moto.

"Huyo farasi wako, kaka, mama yangu na nyonga yake mbovu anamwacha mbali!"

"Mlete mama yako tumtandike!"

Watu wakacheka mpaka wakapaliwa. Malachy alitaja washindi wake kwa sauti ya chini, na kila alipotaja, ukumbi ulitulia kama kanisani. Kisha ikafika zamu ya mbio kubwa.

"Valmondois," alisema. "Yule Mfaransa."

Ukumbi mzima ukazomea.

"Mzee! Unakula mkate wetu, unampigia debe Mfaransa?"

"Na Knockroe je?" muuza nyama akauliza. "Mtoto wa nyumbani?"

Malachy alinitafuta kwa macho katikati ya watu wote wale. Akanipata.

"Knockroe ni mzuri," alisema. "Hatamaliza."

Hakuna aliyecheka.

Pembeni yangu alikuwa ameketi Hannie Breen, jirani tunayepakana naye shamba, bibi kizee mfugaji wa kuku. Alinishika kiwiko. Vidole vyake vilikuwa vikavu kama vijiti.

"Alipita kwenu?" akanong'ona.

"Ndiyo, bibi."

"Akamsifu?"

"Ndiyo."

"Akamalizia?"

Nikatikisa kichwa.

"Mwaka jana alipita kwa akina Considine. Farasi wao akavunjika shingo. Mwaka juzi kwa akina Lyons. Watu wanadhani anajua kuchagua mshindi." Akasogea karibu zaidi. "Mwanangu, ukishajua nani wataanguka, anayebaki hata kipofu atamchagua."

Asubuhi yake, alfajiri, Knockroe alikuwa hajagusa chakula.

Niliisikia ile harufu kabla sijafika bandani. Ile ile. Nilisimama mlangoni, uma wa nyasi mkononi. Kisha nikaanza kufukua nyasi zilizo chini yake, polepole, safu baada ya safu...

Mayai.

Yalikuwa yamepangwa kwenye kona, yamefunikwa vizuri, kama watoto waliolazwa. Moja lilikuwa limepasuka. Ndani hamkuwa na kiini. Mlikuwa na nywele. Nyekundu, ndefu, zimesukwa. Nywele za shingo ya Knockroe.

Sisi hatufugi kuku.

Nilimwita Cathal. Alitazama, rangi ikamtoka usoni, kisha hasira ikampanda.

"Nani ana kuku hapa? Nani? Hannie! Ametununia tangu ule ugomvi wa mpaka. Jana alikuwa anakunong'oneza nini?"

"Na Malachy je?"

"Malachy hakuingia ndani. Nilikuwa naye muda wote."

"Muda wote, Cathal?"

Akageuka, akalitazama geti la nyuma.

Mayai ya namna ile hayashikwi kwa mkono. Niliyabeba kwa koleo, nikayatupa mtoni kwenye maji yaendayo, kama mama yangu alivyonifundisha. Nikanyunyiza maji ya baraka bandani, kwenye hori, kwenye kwato. Knockroe hakula. Kufikia mchana magoti yalikuwa yanamcheza, na macho yake yalikuwa yameganda kwenye kitu kimoja kando ya bega lake. Nilitazama alikotazama. Palikuwa na ukuta tu.

Kuna dawa moja, wazee husema. Aliyetia jicho ndiye wa kuliondoa. Ayaseme maneno yale, amtemee mnyama mate. Nikachukua funguo za gari.

Malachy alifungua mlango kabla sijabisha.

"Umekuja haraka kuliko nilivyotegemea," alisema.

Nyumba yake ilikuwa safi, lakini haikuwa na picha hata moja. Hakuna uso wa mtu ukutani. Sikuketi.

"Uliweka mayai kwenye banda langu?"

"Mimi naona tu, mama. Siweki kitu."

"Unaona nini?"

Alitazama dirishani. "Kuna mwanamke. Ana koti la kijivu. Husimama begani kwa farasi, ameshika hatamu. Anayeshikwa na yeye hafiki mwisho. Ndivyo ninavyochagua. Hakuna ujuzi wowote. Nawatoa walioshikwa, nawatazama waliobaki." Sauti yake ilishuka. "Na si farasi tu; hata watu huwashika. Ndiyo maana mimi huketi nyuma garini. Sitaki kuona nyuso."



"Basi njoo umbariki. Umtemee. Leo hii."

"Siwezi. Nikitaka kuyasema, ulimi unakufa mdomoni. Miaka mingi sasa." Kisha akageuka kunitazama. "Ila mtu akinishika mkono... labda yatatoka. Lakini awe ametaka mwenyewe. Kwa hiari yake."

"Kwa nini hiari?"

"Kwa hiari yake," alirudia.

Sikuipenda sauti ile. Nimekulia kwenye minada ya farasi. Naijua sauti ya muuzaji anayesimama upande wa mguu mbovu ili usiuone. Lakini nilimkumbuka Knockroe na magoti yake yanayocheza.

"Nimetaka," nikasema. "Twende."

Tulifika bandani jua likiwa bado lipo. Cathal alisimama mbali, mikono mifukoni, hataki kuonekana anaamini. Nilimshika Malachy mkono. Ulikuwa baridi kama chuma cha geti.

"Mungu..." alianza. Akakwama. Jasho likamtoka. "Mungu... ambariki."

Akatema mate begani kwa Knockroe.

Mkono wake ukawa wa moto ghafla. Na ile baridi... ile baridi ilihama. Ilipanda kwangu, ikapita kiwiko, ikapita bega, ikatua nyuma ya macho yangu. Ikakaa.

Knockroe akakoroma kwa nguvu, akainamisha kichwa kwenye hori. Akala.

Malachy alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Nilimwambia nitamrudisha kwa gari, akakataa. Aliondoka kwa miguu, anapiga mluzi, kama kijana anayetoka dansi. Hakunishukuru. Na ile harufu, nilipovuta pumzi, haikuondoka naye.

Siku ya mbio, Knockroe alishinda.

Sitasahau. Kwenye kiunzi cha mwisho walikuwa sawa yeye na yule Mfaransa, wakaruka pamoja, na Knockroe akatua mbele. Nilipiga kelele hadi sauti ikaisha. Cathal alinibeba juujuu. Watu wa kijijini walikuwa wanakumbatiana na watu wasiowajua. "Malachy kakosea!" walikuwa wanaimba. "Mzee kakosea!"

Tulikuwa bado tunafutana machozi pale farasi wa mbio iliyofuata walipoanza kuzungushwa uwanjani.

"Haya, mama bahati," Cathal akaniambia, mkono begani kwangu, "nani anachukua hii?"

Nikageuka kuwatazama.

Ilikuwa mchana kweupe. Maelfu ya watu, kofia, vicheko. Jike mmoja wa kahawia alikuwa anapita mbele yetu, mtunzaji wake upande huu. Na upande wa pili...

Koti la kijivu.

Alikuwa ameshika hatamu. Mkono wake ulikuwa umetulia, kama wa mtu asiye na haraka. Nilimwona mgongo tu. Kisha akageuza kichwa, akanitazama, na akaitikia kidogo, kama mwenyeji anayemwona mgeni aliyeambiwa atakuja.

Nilisukuma watu. Nilimfikia mwenye farasi yule, bwana mmoja Mwingereza mwenye mwavuli.

"Mtoe," nikamwambia. "Nakuomba, baba. Usimkimbize huyu."

"Mama, umekunywa," alisema kwa upole. Akamwita mlinzi.

Jike yule alianguka kwenye kiunzi cha tatu. Waliweka pazia la kijani kumzunguka, kama wafanyavyo kwa farasi asiyeweza kupona. Sikuhitaji kuuliza.

Niliporudi nyumbani, kitu cha kwanza nilichofanya ni kwenda kwa Hannie. Nilitaka kumwona akikana. Nilitaka iwe ni yeye aliyeweka mayai. Alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba. Banda la kuku lilikuwa tupu, utando wa buibui umefunga mlango.

"Mbweha aliwamaliza wote kabla ya Krismasi," alisema. "Mayai nanunua dukani, mwanangu, kama wewe."

Nikaenda kwa Malachy. Nyumba ilikuwa imefungwa. Amehamia Galway kwa dada yake. Nasikia amenenepa. Nasikia anahudhuria harusi na ubatizo, anabusu kila mtu, na akiombwa ataje mshindi, anabahatisha kama wengine na kukosea, na anacheka sana.

Nimefikiri mengi tangu siku ile. Pengine Knockroe hakuwahi kushikwa na yule mwanamke. Pengine yule mzee alikuwa akipita zizi baada ya zizi, mwaka baada ya mwaka, akitafuta mtu atakayempenda mnyama kiasi cha kuja kubisha mlangoni kwake. Alisema nimekuja haraka kuliko alivyotegemea. Lakini basi Considine na Lyons? Na zile nywele ndani ya mayai alizisuka nani, na kwa mikono gani? Sijui. Cathal hataki nilizungumzie jambo hili. Siku hizi, nikiingia bandani, yeye hutoka.

Jumapili iliyopita mpwa wa Cathal, Sorcha, alikuja na mwanawe. Mtoto wa miezi michache, sijamwona tangu azaliwe. Nilikuwa jikoni. Nilimsikia mtoto akilia huko barazani.

"Nina mafua!" nikapaza sauti. "Msimlete huku."

"Mafua gani, shangazi? Mtazame tu kidogo."

Nikasikia hatua zake. Nikafumba macho, nikageukia moto kama ninakoroga kitu. Harufu ya maziwa ya mtoto ikanifikia. Alikuwa bado analia, karibu kabisa na bega langu.

Kisha akanyamaza. Ghafla. Kama aliyeinamiwa na mtu anayembembeleza.

"Umemfanya nini?" nikauliza.

"Mimi? Sijamfanya kitu." Sorcha akacheka kwa mshangao. "Jamani, shangazi, geuka uone, anacheka! Sasa anamchekea nani hapo pembeni?"

Sikugeuka.