Ruhusa ya Skana

Jumamosi, tarehe 14 Machi. Asubuhi hiyo kulikuwa na manyunyu na baridi kidogo. Shangazi alifungua duka lake la kuchapa na kunakili, akasali kwa ufupi, kisha akaenda posta. Zamu alimwachia binti wa kaka yake, mwenye miaka kumi na mitatu, ambaye wateja walimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake.

Saa tano na nusu dada yake Profesa aliingia mbio.

"Mdogo wangu, niokoe! Cheti hiki kisipofika chuo cha uuguzi kabla ya saa sita, nafasi yangu wanampa mwingine."

Profesa alikilaza cheti kwenye skana mpya, iliyounganishwa kwa waya wa USB. Kompyuta ya duka, yenye mfumo endeshi huria, ikajibu: *Huna ruhusa ya kutumia kifaa hiki.*

"Ndiyo uprofesa huo?" alitania fundi viatu, aliyekuwa akisubiri nakala zake.

Profesa alilijua neno la siri la Shangazi. Alikuwa amelichungulia, na Alhamisi skana ilipogoma alilitumia kimyakimya. Vidole vikaelekea kwenye vitufe, lakini moyo ukamsuta. Mara Shangazi akarudi, mwavuli mkononi.

"Shangazi, skana imenikatalia. Alhamisi pia ilinikatalia, nikatumia neno lako la siri. Nisamehe. Niliona aibu kusema sijui."

Shangazi aliuweka mwavuli pembeni. "Neno lile linaweza kufuta kila kitu humu. Wewe unahitaji skana tu. Lete kitabu cha maelekezo."

Wakasoma pamoja. Shangazi akaandika neno lake mwenyewe, akaliingiza jina la Profesa katika kundi la watumiaji wa skana. Profesa akajaribu. *Huna ruhusa.*

"Zimebaki dakika kumi!" dada alilia.

"Subiri!" Profesa alisema, kidole kwenye ukurasa. "Kompyuta huangalia makundi yetu tunapoingia tu. Mimi niliingia asubuhi, kabla sijawekwa kwenye kundi."

Akatoka kwenye akaunti yake, akaingia upya. Skana ikanguruma, taa ikapita chini ya cheti, nacho kikatokea kwenye skrini, safi kabisa. Akakituma chuoni kwa barua pepe, na saa sita kasoro dakika nne chuo kikajibu: *Kimepokelewa.* Dada akapiga vigelegele, fundi viatu makofi.

"Mungu ashukuriwe," alisema Shangazi. "Umeona, mwanangu? Ruhusa ya kuiba unaitumia kwa woga. Ya kupewa unaitumia mbele za watu. Na neno langu nalibadili leo hii!"

Wote wakacheka. Profesa akasimama wima.

"Shangazi, dada, nawe fundi, nisikieni: sitatumia tena neno la siri la mtu. Nisilolijua, nitauliza."