Arobaini wa Kisiwa

Wimbi lilipoinyakua mashua na kuipasua mwambani, Sunnuva alikuwa amekwisha kumvuta mjomba wake Dánjal juu ya jabali, mguu umevunjika. Walikuja kutazama kondoo tu, kisha wageuze.

Kisiwa kile hakikuwa na mtu. Tangu enzi za mababu, hesabu yake ilikuwa kondoo arobaini. Ila vuli iliyopita nyasi zilinawiri, tamaa ikamponza Sunnuva, akapeleka sabini. Sasa ardhi ilikuwa imetafunwa hadi mizizi, na mizoga imelala kila mahali, vichwa vyote vimeelekea baharini. Sunnuva aliogopa hata kuikanyaga ardhi ile.

Waliingia katika kibanda cha mawe. Aliufunga mguu wa mjomba kwa kipande cha kasia, akakinga maji ya mvua kwa kofia.

“Wangapi leo?” mjomba aliuliza kila asubuhi.

“Arobaini na tisa.”

Kesho yake, “Arobaini na wanne.”

“Nilikuambia, binti. Kisiwa kitapunguza mpaka kifike kwenye hesabu yake.”

“Ni bahati mbaya tu, mjomba. Wanne wamezolewa na wimbi, mmoja kaangukiwa na jiwe. Lile dume nono limekufa, kale kajike kachechemevu kanadunda. Nani angechagua hivyo?”

“Kuchagua hakijui. Kuhesabu kinajua.”

Siku ya nne mjomba alishikwa na homa, na chakula kikaisha. Jioni kondoo walikuja wakasimama mbele ya kibanda, kimya, wakiwatazama. Kisha wakageuka, wakapanda mstari mmoja nyuma ya kilima. Kwa mwendo wao huo Sunnuva alijua dhoruba inakuja. Akambeba mjomba mgongoni, akawafuata hadi kwenye shimo lisilofikiwa na upepo. Walilala katikati ya kondoo, na joto lao likawatosha. Kulipokucha, kibanda kilikuwa kimebomoka chote.

Mashua ya wanakijiji ilionekana asubuhi hiyo hiyo.

“Wangapi?” mjomba alinong'ona.

Sunnuva alihesabu mara mbili. “Thelathini na wanane. Umeona? Hesabu yako imekosea.”

“Rudia, mwanangu. Wawili umewaacha.”

Alitazama huku na huku. Kisha akaitazama sweta yake iliyojaa manyoya ya kondoo, akamtazama mjomba. Hakurudia kuhesabu.

Vuli ilipofika, wana-kondoo wa mwaka ule walipokwisha kuondolewa, Sunnuva alirudi kisiwani na kondoo wawili tu, akawashusha kwa mkono wake mwenyewe.