Taa Iliyoitwa Mama

Kila asubuhi Bi Swichi alipita chumba hadi chumba akizima taa. Jina hilo alipewa na wenzake darasani, tangu mwalimu wa sayansi alipowaeleza kwamba umeme wao hutokana na mafuta yanayochomwa, na kwamba moshi wake unaizidishia dunia joto na kuvuruga mvua. Walimtania, naye akavimba kichwa. Alijiona mlinzi wa dunia nzima.

Jumamosi moja shangazi yake, mfugaji wa kuku, aliondoka alfajiri kwenda kutafuta chakula cha vifaranga. Kuku wake wote walikuwa wamekufa kwa ugonjwa. Vifaranga hao, aliowaleta jana yake na kuwaweka stoo, ndio waliokuwa tegemeo lake la kuanza upya.

"Mama muache kama alivyo mpaka nirudi," alimwagiza mtoto akiwa mlangoni.

"Haya, shangazi."

Mama yake Bi Swichi, muuguzi, alikuwa amelala hoi baada ya zamu ya usiku. Mtoto alinyata, akamfungia mlango polepole. Kisha akaona mwanga chini ya mlango wa stoo.

"Kwani vifaranga wanasoma nini humo?" alijisemea. Swichi ilikuwa ukutani, nje ya mlango. Akaizima, akaenda zake kufua sare. Mvua ya baridi ilinyesha mpaka adhuhuri.

Shangazi aliporudi alikwenda moja kwa moja stoo. Vifaranga walikuwa wamerundikana kwenye kona, wamelaliana wakitafuta joto, na wengi walikuwa wameshakufa.

"Umeme ulikatika?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Jibu rahisi lilikuwa hilo. Umeme ulikatika mara kwa mara, nani angejua? Bi Swichi aliwatazama vifaranga.

"Haukukatika. Nilizima mimi."

"Si nilikuagiza mama umuache?"

"Nilidhani ni mama aliyelala."

Shangazi aliketi juu ya gunia. "Mama ni ile taa. Vifaranga hawa hawana kuku wa kuwakumbatia, joto lao ni hilo tu. Nami sikukueleza." Hakufoka, na hilo lilimuuma mtoto zaidi.

Waliwasha taa, wakawasogeza chini yake wale waliobaki. Kufikia jioni wachache walikuwa wameanza kulia tena. Waliokufa, Bi Swichi aliwachimbia shimo nyuma ya nyumba kwa mikono yake mwenyewe, machozi yakimtoka.

"Sizimi taa tena maishani mwangu," alisema.

"Utazima," shangazi alimjibu. "Mwalimu wako amesema kweli, mvua zimevurugika na sisi wafugaji tunaona. Lakini kwanza fungua mlango uone taa inamfanyia nani kazi. Usipojua, uliza. Na ukikosea, sema kweli kama ulivyosema leo."

Akanyanyua jembe, wakazunguka hadi mbele ya nyumba. Taa ambayo shangazi mwenyewe aliiwasha alfajiri akitoka ilikuwa bado inawaka.

"Kazime ya barazani," alisema. "Ile haina watoto."