Doria na Vichwa vya Kambare

Mzee Pekeshe alikuwa na shamba la mahindi huko Ndera, karibu na mto. Kila msimu nyani walimsumbua. Walivunja mabua, wakala kidogo, wakatupa mengi. Mbwa wake wa zamani alikuwa amekufa kwa uzee. Sasa mzee alishinda shambani akipiga debe na kurusha mawe. Hata hivyo nyani walivuna kabla yake.

Kwa hiyo alifurahi sana rafiki yake Tadicha alipompa mbwa mdogo. Tadicha alikuwa mfugaji wa ng'ombe.

"Mama yake ni mkali," Tadicha alimwambia. "Hata fisi wanamjua. Huyu amezoea ugali laini wa maziwa. Sisi huku tunampa huo tu."

"Sawa, sawa," alisema Pekeshe. Macho yake yalikuwa kwa mbwa. Maneno yale yaliingia sikio moja yakatokea la pili.

Akambeba mbwa kwenye kikapu mpaka nyumbani. Akamwita Doria.

Nyumbani Pekeshe aliishi na Pauline, mke wa mwanawe Dan. Dan alikuwa akifanya kazi Bura, na alikuja nyumbani mwisho wa mwezi. Pauline alizaliwa Garsen mjini. Alikuwa na mtoto, Griffin, aliyeanza kutambaa.

Pauline alipomwona Doria, hakucheka.

"Baba, huyu mbwa asiingie jikoni," alisema. "Griffin anatambaa. Ataokota uchafu."

"Huyu ni mbwa wa shamba. Hataingia."

Lakini Doria aliingia siku hiyo hiyo. Pauline akamfukuza kwa mwiko. Pekeshe aliona. Akaliweka moyoni.

Jioni, Pekeshe alichukua vichwa vya kambare wa kukaanga. Akavimwagia mchuzi wa nazi, akampa Doria.

"Kula, upate nguvu za kufukuza nyani."

Doria alikula mpaka tumbo likawa kama ngoma.

Asubuhi, Pekeshe alikuta kinyesi cha majimaji mbele ya mlango. Doria alikuwa amelala kando ya ghala. Alitikisa mkia kidogo tu. Hakutaka kucheza.

Pekeshe alisimama akimtazama. Jana mbwa huyu alikuwa mzima. Leo ni mgonjwa. Ni nani hapa nyumbani asiyempenda? Jibu lilimjia upesi, naye hakutafuta jibu jingine.

Kuanzia hapo alianza kumchunguza Pauline. Akienda kuchota maji, mzee alimtazama. Akirudi, alimtazama tena. Pauline alimpikia Doria uji mwepesi, akauweka kwenye sahani ya bati. Pekeshe aliuinua ule uji, akaunusa. Haukuwa na harufu yoyote. Hilo nalo likamtia shaka. Akaumwaga nyuma ya migomba.

"Chakula cha Doria nitampa mimi mwenyewe," alijiambia.

Akampa vichwa vingine vya kambare. Doria akaharisha zaidi. Akampa maharage ya nazi. Doria akatapika. Akampa wali uliobaki, na matumbo ya kuku, na tena kambare. Kila alipobadilisha chakula, hali ya Doria ilizidi kuwa mbaya. Na kila hali ilipozidi, Pekeshe alizidi kumwogopa Pauline.

Siku moja adhuhuri alirudi kutoka shambani kimyakimya. Akamwona Pauline amechuchumaa kando ya ghala. Pauline alitazama huku na huku. Akatoa kijikaratasi, akamimina unga mweupe kwenye kikombe cha maji. Akakoroga. Akayamimina kwenye sahani ya Doria.

Mzee akamsogelea.

"Unafanya nini hapo?"

Pauline alishtuka mpaka kikombe kikamponyoka.

"Nampa maji, Baba."

"Maji gani ya kujificha?"

Pauline hakujibu. Akaokota kikombe, akaingia ndani. Macho yake yalikuwa mekundu. Pekeshe alisema moyoni: mtu asiye na hatia angejibu.

Mchana huo Pauline alimwekea chakula. "Sina njaa," alisema Pekeshe. Akaenda kujichomea mahindi. Alipotaka kunywa maji, aliosha kikombe. Akakiosha tena. Pauline alikuwa amesimama mlangoni na Griffin mgongoni. Aliona yote.

Siku iliyofuata Pekeshe alimimina kwenye chupa yale maji yaliyobaki kwenye sahani. Akafunga kizibo kwa nguvu. Akamweka Doria kwenye kikapu, akapanda pikipiki kwenda Garsen.

Huko Garsen palikuwa na daktari wa mifugo aliyeitwa Hamdi. Alikuwa mwanamke wa makamo. Wafugaji na wakulima wote walimjua.

Pekeshe aliweka chupa juu ya meza.

"Daktari, nataka upime hii."

"Hii ni nini, mzee?"

"Ni sumu. Kuna mtu nyumbani anamuua mbwa wangu polepole."

Hamdi aliitazama chupa, kisha akamtazama mzee. "Kupima sumu sina uwezo hapa," alisema. "Lakini mbwa naweza kumpima. Mlete."

Akampima joto. Akatazama fizi zake. Akavuta ngozi ya shingo na kuiachia. Akaangalia kinyesi kilichokuwa kikapuni.

"Umeona damu kwenye kinyesi?"

"Hapana."

"Maji anakunywa?"

"Anakunywa."

"Hana homa, na fizi zina rangi nzuri. Hilo linanipa moyo. Kuna ugonjwa mbaya unaoua watoto wa mbwa, nao huleta kuhara. Huu haufanani nao. Sasa niambie, kule alikotoka alikuwa anakula nini?"

Pekeshe alifikiri. Maneno ya Tadicha yakamrudia. "Ugali laini wa maziwa."

"Na kwako?"

Mzee akasita. "Chakula kizuri tu."

"Kizuri kipi? Kwako nani anampa?"

"Kuna mke wa mwanangu..."

"Basi tumpigie simu."

Pekeshe hakutaka, lakini alimtajia namba ya Mama Griffin. Hamdi akapiga, akaweka sauti ya juu ili wote wasikie. Alijitambulisha, kisha akauliza: "Mama Griffin, huyu mbwa mmempa nini?"

Sauti ya Pauline ilitoka kwenye simu, wazi kabisa.

"Mimi nilimpikia uji mwepesi, daktari. Lakini kila nikimpa, Baba anaumwaga. Anampa vichwa vya kambare, na maharage, na kila kinachobaki. Jana niliona mdomo umemkauka. Nikamkorogea ile dawa ya unga ya zahanati, ya kurudisha maji mwilini, ile ya Griffin akiharisha."

"Kwa nini hukumwambia mzee?"

"Ananitazama kama mwizi, daktari. Nilijua hata dawa ataimwaga."

Hamdi alimshukuru, akakata simu. Pekeshe alikuwa ametazama sakafu.

"Mzee," Hamdi alisema kwa upole, "sumu ninayoiona hapa ni haraka yako. Tumbo la mbwa mdogo ni changa. Limezoea chakula kimoja. Ukimbadilishia ghafla, linakataa. Ukimbadilishia tena na tena, halipati nafasi ya kupona. Tena mafuta na viungo ni vibaya kwake. Miiba ya samaki inaweza kumtoboa tumbo. Hayo maji ya mke wa mwanao yamemsaidia. Ila siku nyingine niulizeni kwanza, maana mbwa mdogo ana kipimo chake."

"Sasa nifanye nini?"

"Mrudishe kwenye chakula alichozoea. Mpe kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Maji safi yawepo wakati wote. Kinyesi kikishakuwa kigumu, ndipo uanze chakula cha nyumbani. Kwanza changanya sehemu ndogo ya kipya na kubwa ya zamani. Akikaa vizuri, ongeza kipya, punguza cha zamani. Fanya hivyo kwa wiki nzima au zaidi. Kinyesi kikilegea, rudi nyuma kidogo, usubiri. Ukiona damu, au akitapika mfululizo, au akikataa maji, mlete mara moja. Usingoje."

Akampa Doria dawa ya minyoo na kumwambia mzee siku ya kumleta kwa chanjo.

Pekeshe alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Pauline alikuwa anachambua mchicha.

"Mama Griffin," mzee alisema, "nilikudhania vibaya."

Pauline hakuinua kichwa. "Uliosha kikombe changu mara mbili, Baba. Niliona."

"Nilikosa. Nisamehe."

Pauline aliinuka, akapakua ugali na mchicha, akaweka mbele yake. Kisha akasimama pale pale, akingoja. Pekeshe alinawa mikono, akala. Alikula chote mbele ya macho yake, mpaka sahani ikawa nyeupe. Hapo Pauline akaketi.

Wakagawana kazi. Pauline alipika ugali laini wa maziwa. Pekeshe alizoa kinyesi kwa jembe na kukizika mbali, Griffin asikifikie. Doria akaanza kutikisa mkia. Kisha wakamchanganyia ugali wa nyumbani na samaki wa kuchemsha aliyetolewa miiba, kidogo kwanza. Siku moja kinyesi kililegea. Wakapunguza samaki, wakasubiri, wakaendelea. Doria akanenepa. Mahindi yalipoanza kukomaa alikuwa akibweka shambani, na nyani walivuka upande wa pili kutafuta shamba lisilo na mbwa.

Mwisho wa mwezi Dan alikuja kutoka Bura na mfuko wa chakula cha mbwa cha dukani. Akachukua sahani, akataka kuijaza.

"Weka chini!" Pekeshe alisema. "Unataka kumuua?"

"Baba, hiki ni chakula cha mbwa. Kimeandikwa."

"Tumbo la Doria halijui kusoma. Mwulize mkeo kwanza."

Pauline alicheka, akachota kiganja kimoja tu. Akakichanganya na ugali wa Doria.

Asubuhi Pekeshe aliamka kabla ya wote, akaenda nyuma ya migomba. Akainama, akatazama.

"Mama Griffin!" aliita kwa furaha. "Njoo uone! Kigumu!"

"Nimekuamini, Baba," Pauline alijibu kutoka jikoni. "Nawa mikono, chai iko tayari."