Kapteni Bupe na Mvulana wa Aproni

Kila asubuhi, kabla jua halijachungulia nyuma ya maghorofa ya Adelphi, Marekani, Baba alikuwa ameshafunga aproni yake ya maua na kukoroga uji. Mama, jina lake Leokadia, aliunywa wima, begi begani, kisha akatimua mbio kuwahi basi, maana wazee aliowahudumia majumbani mwao hawakujua kusubiri. Akitoka kazini alipitiliza chuoni alikosomea uuguzi. Kwa hiyo kupika, kufua na kumlea Mwita, mtoto wa miaka mitatu, zote zilikuwa kazi za Baba.

Kule Tarime, Baba, Mzee Wambura, alikuwa bwana mifugo. Alipopita na mabuti yake ya mpira watu waliinuka kumsalimia. Mama ndiye aliyepata viza ya bahati nasibu, wakahamia Marekani, na huku vyeti vya Baba havikumfaa kitu. Alifungasha mizigo katika ghala moja mpaka ghala likafungwa. Basi mwanaume wa Kikurya, aliyepita jandoni bila kupepesa jicho, akawa anamenya vitunguu. Wenzake kanisani walimtania wakimwita "Mama Mwita". Alicheka nao, ila njiani kurudi nyumbani alitembea mbele peke yake.

Ghati, binti yake wa miaka kumi na minne, alimwonea Baba aibu. Siku moja alikuwa amesahau chakula chake cha mchana, na Baba akamfuata kwenye kituo cha basi la shule na aproni yake, mbele ya wanafunzi wote. Ghati alitamani ardhi ipasuke immeze.

Aibu hiyo ndiyo iliyozaa katuni. Mwaka ule wa 1998, vitabu vya katuni za Kijapani, vile vinavyoitwa manga, vilikuwa vikipita mkono kwa mkono katika shule yao ya sekondari. Vingi vilikuwa hadithi za mapenzi ya kuchekesha: mvulana shujaa, msichana anayeona haya mpaka mashavu yanawaka. Ghati aliigeuza hadithi. Katika katuni yake msichana, Kapteni Bupe wa timu ya mpira wa kikapu, ndiye aliyeleta maua, kubeba mabegi na kupigana na wahuni. Mvulana, Nehemiah, ndiye aliyevaa aproni, akapika, akaona haya na kuzirai kila Bupe alipomkonyeza.

Shule nzima ilicheka. Cheryl, rafiki yake, binti wa Wakenya wa ghorofa ya chini, alikuwa akiidurufu kila sura mpya na kuigawa kwenye basi. Na kilichowavunja watu mbavu si Bupe, bali Nehemiah. Bupe akianza tu kusema maneno matamu, Nehemiah hukimbilia chooni. Hunywa maji kwa jagi badala ya kikombe. Alimtilia Bupe chumvi kwenye chai kwa kutoona vizuri maandishi ya kopo. Suruali zilimlegea akazifunga kwa kamba, na kiatu kimoja alikijaza karatasi, akawa anatembea kama bata.

"Manze Ghati, hii imeniweza," Cheryl alisema huku akijifuta machozi. "Unatoa wapi hizi vitu?"

"Kichwani tu," Ghati alijibu.

Huo ulikuwa uongo. Alivitoa jikoni kwao. Jagi lilikuwa la Baba, na chai ya chumvi aliinywa Mama. Ghati alikuwa na jicho kali la mchoraji. Aliona kila kitu alichofanya Baba, kisha akakipeleka shuleni kikachekwe. Mwalimu wa klabu ya uchoraji alimwambia kwamba sura ya mwisho ingebandikwa ukutani siku ya Ijumaa, wazazi watakapokuja. Ghati alijisikia mtu kwa mara ya kwanza tangu afike nchi hii ya watu.

Jumapili baada ya ibada, Baba alimpeleka Mwita kucheza nje. Mama alikuwa akipiga pasi sare zake za kazi, akamtupia Ghati fungu la kadi za kujisomea.

"Niulize, mwanangu. Mtihani ni Ijumaa, na kichwa changu kimejaa mvuke."

Ghati alichukua kadi ya juu. "Dalili za kisukari."

"Kiu isiyokatika," Mama alisema bila kuinua macho. "Kwenda haja ndogo mara kwa mara. Kukonda. Macho kuona ukungu. Kidonda kisichopona, hasa miguuni." Akageuza mkono wa sare. "Na miguu kufa ganzi. Hiyo ndiyo mbaya zaidi, maana mgonjwa hasikii maumivu, akadhani kidonda ni kidogo, kumbe kinamla. Nimepata?"

Ghati aliikodolea macho kadi ile. Alikuwa anasomewa katuni yake, sura baada ya sura.

"Mbona umenyamaza?"

"Umepata zote, Mama."

Jioni hiyo alimfuata Baba jikoni. Safari hii alimtazama vizuri, akaona kwamba anakata mboga akiwa ameketi, na kwamba mguu wa kushoto umefungwa kitambaa ndani ya kandambili.

"Baba, mguu wako vipi?"

"Kijidonda tu. Nilikanyaga kidude cha Mwita." Baba alitabasamu kwa majivuno. "Wala hakiumi. Mwanaume hasemi ameumia, na mimi kweli sisikii chochote. Usimwambie mama yako, ana mtihani. Akiacha masomo ili aniuguze, nitakuwa nimebaki na kazi gani katika nyumba hii?"

Ghati alijua. Tangu mchana ule alijua maana ya kidonda kisichouma. Angeweza kufungua mlango wa chumba cha pili na kusema maneno mawili. Lakini Mama angeuliza amejuaje, na Ghati angelazimika kuonyesha katuni; na katuni ikionekana, Ijumaa yake imekwisha. Akajiambia kwamba Baba ndiye aliyemwomba anyamaze, na mtoto mzuri humtii baba yake. Ilikuwa rahisi mno kuwa mtoto mzuri siku hiyo.

"Haya, Baba," alisema.

Siku tatu zilizofuata alichora sura ya mwisho. Sebuleni, alikolala Baba ili Mama asome usiku chumbani, palianza kutoa harufu. Ghati alifungua dirisha.

Alhamisi aliporudi kutoka shuleni, alimsikia Mwita akilia tangu kwenye ngazi. Jikoni moshi ulikuwa umetanda na sufuria ya wali imeungua nyeusi. Baba alikuwa chini, mgongo kwenye kabati, midomo imekauka, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbizwa. Kandambili ilikuwa imetoka. Ghati aliuona mguu, na hakuna mtoto anayepaswa kuona mguu wa baba yake ukiwa vile.

Alizima jiko, akapiga simu ya dharura, kisha akampigia Mama. Mama alifika pamoja na gari la wagonjwa.

"Ameanza kuumwa lini?" aliuliza mmoja wa wahudumu.

"Leo," Mama alisema, akiwa amepiga magoti kando ya Baba. "Jana alikuwa mzima. Alikuwa mzima kabisa."

"Si leo," Ghati alisema. Sauti yake ilitoka nyembamba. "Kiu ilianza Oktoba. Chooni pia. Novemba alianza kukonda, akaweka chumvi kwenye chai. Kidonda kina wiki tano. Mwanzo alikiwekea karatasi, kisha kitambaa. Hakimuumi."

Mhudumu aliandika yote haraka. Mama hakuandika kitu. Alimtazama binti yake, na Ghati alitamani apigwe kofi kuliko kutazamwa hivyo.

Madaktari walipigana na sukari usiku kucha. Kuhusu mguu, walisema kama kidonda kingeonwa wiki moja kabla, dawa zingetosha. Ijumaa asubuhi, saa ya mtihani wa Mama na ya kubandika katuni, Baba alikatwa vidole vitatu vya mguu wa kushoto. Mama hakufanya mtihani. Ukuta wa klabu ulibaki na nafasi tupu.

Jumatatu Ghati aliingia wodini na sura zote mkononi. Hakuna aliyemwagiza. Alikuwa amelia siku mbili, akaona kwamba kulia peke yake ni njia nyingine ya kuficha.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Baba, huyu Nehemiah ni wewe. Nilikuchora ili watu wacheke."

Mzee Wambura alivaa miwani ya kuazima na kusoma, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye chai ya chumvi, bega lake lilitikisika kidogo kwa kicheko. Alipofika kwenye kiatu cha karatasi, hakucheka. Aliziweka karatasi juu ya shuka.

"Umeona kila kitu," alisema polepole. "Mimi mwenyewe sikuuangalia mguu wangu kama ulivyouangalia wewe. Jumapili ile uliponiuliza, ulikuwa unajua?"

"Nilijua, Baba."

"Na ukanyamaza, kama nilivyokuomba?"

"Nilitaka Ijumaa ifike. Nisamehe." Kisha kilio kikamshinda.

Mama, aliyekuwa dirishani, alivuta kiti akakaa katikati yao.

"Wazee walisema, mficha maradhi kifo humuumbua," alisema. "Baba Ghati, ng'ombe akichechemea ulikuwa unamkagua kwato siku hiyohiyo. Mguu wako umeuficha, kwa sababu ulidhani aproni imekutoa uanaume, na ukiomba msaada utakuwa umekwisha kabisa. Aproni haikukutoa kidole hata kimoja. Majivuno ndiyo yaliyokutoa vitatu."

Baba aliinamisha kichwa.

"Na wewe, Ghati. Kuchora si kosa, wala kuchekesha watu si kosa. Lakini aliyeona ugonjwa ana deni la kusema, hata kama mgonjwa mwenyewe amemwomba anyamaze, hata kama kusema kutamwaibisha msemaji. Utii unaomwacha mtu afe si utii. Mtihani utarudiwa mwezi wa tano. Vidole havirudiwi."

Baba alirudi nyumbani akitembelea fimbo. Jikoni alirudi pia, polepole, na sasa Ghati alimenya vitunguu kando yake. Daktari alikuwa ameagiza miguu yote miwili ikaguliwe kila siku, na kwa kuwa Baba hakuhisi kitu wala hakuweza kuona nyayo zake, ilimbidi amtegemee mwingine. Jioni ya kwanza alisita sana. Halafu akaketi, akavua soksi, akauweka mguu wa kushoto, wenye mshono uliokuwa bado mwekundu, juu ya magoti ya binti yake.

"Sema unachokiona," alisema. "Usinifiche."

Ghati aliisogeza taa karibu, akainama, akaanza kumwambia.